Paji la Uso la Mauwa

Jumamosi ile karatasi ya nne ilipotundikwa, Faila aliacha vitambaa vyake mezani akaenda kusimama nyuma ya watu, kama mtu asiye na haraka. Kioski cha Bertin kiko pale soko la Baraka linapoanzia, na Bertin ndiye mwenye mashine ya kutoa kopi. Alikuwa amefunga kamba kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo, na karatasi za hadithi ya picha zilining'inia juu yake kwa vibanio vya nguo, ya kwanza hadi ya nne, ili aliyekosa mwanzo asipotee njiani. Anayetaka yake ya kwenda nayo nyumbani ananunua kopi. Asiyetaka anasoma papo hapo amesimama. Na asiyejua kusoma, kama Faila, anamngoja Bukuru.

Bukuru alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mwenye shamba la mihogo upande wa Mulongwe. Alikuwa na sauti ya mtu aliyewahi kuongoza kwaya. Karatasi mpya ikitoka, huweka kapu lake chini na kuwasomea watu maneno yaliyoandikwa ndani ya picha, akibadilisha sauti: monitere, yule mkaguzi wa mashamba ya pamba, alipewa sauti nyembamba ya puani, Mauwa, mwanamke mwenye hadithi, alipewa sauti nzito, ya taratibu. Watu walicheka, wakaguna, wakatulia.

Faila hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama shingo.

Katika kisanduku cha tatu Mauwa ameinama juu ya chungu, anakaanga mbegu za pamba. Shingo yake ni ndefu, imelala kidogo upande wa kushoto, kama ya mtu anayesikiliza jambo linalosemwa chumba cha pili. Mauwa hakuwa na shingo ile. Mauwa alikuwa nkambo wa Faila, mama wa mama yake, na shingo yake ilikuwa fupi, nene, kama ya watu wote wa nyumba yao. Shingo ya kwenye picha ilikuwa ya Divine, msichana aliyeandika maneno yale.

Mke mwingine hukuta barua mfukoni. Faila, ambaye barua haimwambii kitu, alikuta picha. Na ilitundikwa sokoni, watu mia wanaitazama, na hakuna aliyeona ila yeye.

Aliyeichora alikuwa Isidore, mume wake.

Faila alizaliwa Swima, kando ya ziwa, katika nyumba ambamo kaka zake walipewa madaftari na yeye akapewa kapu. Alipanda mlimani kuchukua mihogo, akashuka nayo mgongoni, ukanda wa gome umepita juu ya paji la uso, kama walivyobeba mama yake na nkambo wake. Ukibeba hivyo tangu utotoni, ukanda unachimba. Mauwa alikuwa na mfereji kwenye paji la uso, kutoka sikio hadi sikio, unaoweza kulaza uzi wa kushonea ndani yake usianguke. Faila naye anao, mdogo zaidi, kwa sababu vita vilimtoa mlimani kabla haujakomaa. Alivuka ziwa na watu wengine, akakaa kambini ng'ambo miaka mingi. Huko ndiko alikofundishwa kuchora juu ya kitambaa kwa kalamu ya risasi: maua, ndege, majani yanayozunguka ukingo, ili wanawake wengine wapitishe uzi juu ya mistari yake. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa waliomfundisha. Huko huko alimpata Isidore, aliyekuwa akijifunza kuandika vibao vya maduka, na huko akamzaa Jérémie, ambaye sasa ni mtu mzima anayeendesha maisha yake Kalemie. Tangu warudi Baraka watu hawamwiti Faila. Wanamwita Mama Jérémie.

Isidore alikuwa mchoraji mzuri mwenye kilema kimoja: hakuweza kuchora kitu asichokiona. Kichwani mwake hamkuwa na picha yoyote. Alipotakiwa kuchora mbuzi kwenye bucha, alifunga mbuzi mlangoni tangu asubuhi, na mwenye bucha akasubiri kuchinja mpaka rangi ikauke. Alipochora kibao cha mng'oa meno, alijitazama kwenye kioo akiwa amefungua kinywa, na mpaka leo kibao kile, njia ya kwenda Fizi, kinaonyesha meno mazuri yenye pengo la juu kulia, pengo la Isidore mwenyewe. Zamani, walipokuwa wapya, aliyesimama mbele yake alikuwa Faila. Mwanamke wa saluni, mwanamke wa duka la vitenge, mwanamke anayekunywa dawa ya tumbo: ukitembea Baraka miaka ile ulikuwa unakutana na Faila kila kona. Jua na mvua vimewafuta wote. Kisha vikaja vibao vya plastiki vinavyochapwa mashine kule Uvira, na Isidore akabaki na brashi zilizokauka.

Ndipo Faila mwenyewe alipomwambia, mchore Mauwa.

Hadithi alikuwa amempa kipande kipande, miaka yote ya ndoa. Wakati wa wazungu kila mwanamke wa mlimani alipimiwa shamba la pamba, alime asilime mihogo yake. Pamba hailiwi. Asiyetimiza kapu lake siku ya mizani alipigwa. Basi Mauwa akawafundisha wanawake wenzake jambo moja: mbegu zikigawiwa, zikaange kwanza kwenye chungu kikavu, polepole, zisibadilike rangi, kisha zipande mbele ya monitere kama kawaida. Hazikuota. Monitere alionja udongo, akaandika kwenye daftari kwamba mlima ule haufai. Misimu miwili wanawake walilima chakula na kucheka chini chini. Mpaka siku siri ilipotoka. Hapo Faila alikuwa anasimama kila mara, na Isidore hakuwahi kuuliza zaidi.

Isidore aliipenda. Alisema itatoka karatasi moja kila baada ya Jumamosi mbili, visanduku sita kwa karatasi, na kisanduku cha mwisho kimwache msomaji na swali. Alisema jina la Faila litaandikwa juu kabisa. Lakini maneno ya kuweka ndani ya picha yalimshinda, maana anaandika vibao, haandiki watu wakiongea. Akatafuta mtu. Akapata Divine, binti wa miaka ishirini na minne aliyemaliza shule Fizi na sasa anafundisha watoto wa darasa la pili hapo Baraka, mwenye mwandiko uliosimama wima kama umepigwa rula.

Walifanyia kazi nyuma ya kioski cha Bertin, mchana, mlango wazi. Faila aliwaona wiki za kwanza, alipokuwa bado anawapelekea ugali. Divine anaandika kwenye daftari nani anasema nini, halafu Isidore anapiga mistari ya visanduku, halafu wanagombana. Isidore anasema maneno ni mengi, yatafunika vichwa vya watu. Divine anafuta nusu. Isidore anasema hata hayo. Divine anauliza kama anataka watu wa mlimani wawe mabubu. Kisha wanacheka. Kisha Isidore anasema, simama hivi, shika ufagio kama ndio jembe, geuza shingo. Na Divine anageuza shingo.

Kama kulikuwa na lingine kati yao, Faila hakuwahi kulikuta, na alitafuta. Alinusa mashati. Alitokea kioskini saa ambazo hakutazamiwa. Alimtuma Nadège, mwanamke anayemshonea maua, akapite huko kama anayetaka kopi. Nadège alirudi akasema wanachora tu. Lakini Faila alijua kuchora ni nini. Anayekuchora anakutazama, anarudi anakutazama tena, anaijua kona ya mdomo wako kuliko wewe mwenyewe. Faila mwenyewe hakuwa ametazamwa hivyo na Isidore tangu kibao cha saluni cha mwisho.

Na jina? Karatasi ya kwanza ilipotoka, alimwomba Bukuru asome hata yaliyo juu. Bukuru akasoma: picha ni za Isidore, maneno ni ya Divine. Faila akamwuliza kama hakuna lingine. Bukuru akainama karibu na karatasi, akaitazama kwa heshima, akasema hakuna, mama. Isidore alipoulizwa alisema nafasi ilikuwa ndogo.

Mara tatu Faila alimwambia mume wake kwamba Mauwa hana paji laini namna ile, kwamba kuna mfereji wa ukanda, na kwamba mwanamke wa mlimani asiye na mfereji ni kama mvuvi asiye na nyavu, watu watauliza alikuwa anabeba na nini. Isidore aliitikia. Karatasi ya tano ilitoka, paji ni laini. Ya sita, laini. Ni paji la msichana aliyebeba mkoba wa shule. Mauwa wa watu wa Baraka sasa alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mwanya mdogo katikati ya meno, na wasichana wa sokoni walianza kufunga kitambaa kichwani kama alivyochorwa akifunga. Wakimwona Divine njiani walimwita Mauwa. Wakimwona Faila walimwuliza bei ya kitambaa cha meza.

Karatasi ya sita iliishia kwenye kiatu cha monitere kinachopiga chungu teke, mbegu zilizokaangwa zinatawanyika, na mbele yake wanawake wote wa mlima wamenyamaza. Nani amesema? Ndivyo Bukuru alivyosoma. Wiki ile nzima Baraka haikuwa na swali lingine. Wengine walisema ni chifu. Wengine walisema ni mume wa mmoja wao, kwa pombe. Dereva mmoja wa pikipiki alileta habari kwamba hata Fizi, juu kule, watu wanabishana, na kopi imefika Makobola ikiwa imechanika kwa kupita mikono mingi.

Waliokuwa hawajui kabisa ni Isidore na Divine.

Jumapili baada ya ibada, Isidore alikaa kitini mbele ya mke wake. Ilikuwa mchana, mlango wazi, Faila ana kitambaa cha bibi harusi mapajani. Isidore alianza mbali. Alisifu mchuzi. Alisema Divine anafikiri wamweke chifu, lakini yeye haoni kama inaingia. Halafu akauliza, kwa upole ambao hakuwa ameutumia miezi mingi.

"Mama Jérémie, ni nani alisemaka?"

Faila alichoma sindano kwenye kitambaa akaiacha hapo.

Alikuwa amekaa na jambo lile miaka thelathini. Mauwa alimwambia siku za mwisho, Faila akiwa binti, akimwosha mgongo, na akamwapisha lisitoke nje ya mlango ule. Na Faila hakulitoa. Hakulitoa kambini, ambako watu walitoa kila kitu. Lakini sasa aliona shingo ile ndefu, aliona paji laini, akaona jinsi watakavyolazimika. Mauwa wao ana uso mmoja, hawawezi kuubadilisha katikati ya hadithi. Jambo lolote baya atakalofanya Mauwa litafanywa na uso wa Divine, mbele ya soko zima. Alilipima haraka, kama anayepima kitambaa kwa mkono, akaona linatosha.

"Ni yeye mwenyewe," alisema. "Mauwa."



Akamweleza. Mume wa Mauwa alikuwa na wake wawili. Wa pili aliitwa Abwe, alikuwa kijana, na yeye pia alikuwa anakaanga mbegu, alifundishwa na Mauwa mwenyewe, kwenye chungu kimoja. Mwaka ule mvua zilikuja mapema, na mume akaezeka nyumba ya Abwe kwanza. Ya Mauwa aliiacha na tundu. Siku tatu Mauwa alilala anasikia maji yakianguka ndani ya sufuria, na ng'ambo ya uwanja nyasi mpya za Abwe zinanukia. Siku ya nne alinyanyua chungu chake cha mbegu, akakibeba kwa mikono yake, akakiweka nyuma ya nyumba ya Abwe. Kisha akashuka kwa monitere, akamleta bila mtu kuwaona, akanyoosha kidole kwa mbali. Abwe alipigwa mbele ya watu, akapelekwa jela Fizi. Wengine hawakuguswa.

Faila alieleza yote kwa sauti ya chini, na alivyokuwa anaeleza alihisi utamu fulani, kama mtu anayekuna mahali palipomwasha muda mrefu. Isidore alikuwa ametoa kalamu na karatasi ya nyimbo za kanisani, akaigeuza upande mtupu, anapiga mistari bila kutazama mkono wake. Faila alidhani anaandika asisahau.

"Chora ile vile iko," alimwambia. "Usimuonee huruma."

Isidore alisema hatamwonea.

Siku sita zilizofuata Faila alikuwa mtu mwenye heri. Alimwongezea Nadège kitambaa. Alimsalimia Divine njiani, na Divine akashtuka mpaka akaangusha chaki. Usingizi ulimkataa mara moja tu, alipokumbuka mgongo wa Mauwa chini ya mkono wake wenye sabuni, na neno alilomwapia. Alijiambia kwamba waliokufa hawaoni karatasi.

Jumamosi alikwenda mapema, akasimama mbele kabisa. Bertin alitoka na karatasi ya saba, akaibana kwenye kamba. Watu wakasogea. Bukuru akaweka kapu chini.

Kisanduku cha kwanza: mvua. Cha pili: sufuria chini ya tundu la paa. Cha tatu: mikono imebeba chungu. Isidore alikuwa amechora vizuri kuliko siku zote, Faila aliona hilo kabla ya kuona lingine. Cha nne: Mauwa ameinua uso.

Si Divine.

Ilikuwa shingo fupi, nene. Ilikuwa midomo iliyobanwa upande mmoja, mistari miwili kutoka puani kushuka, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Na juu ya paji, kutoka sikio hadi sikio, mfereji. Mdogo. Ambao haukukomaa.

Bukuru alisoma maneno mawili akanyamaza. Nyuma, Nadège, ambaye hajui kuficha kitu, alisema, "Mauwa amezeeka mu wiki mbili tu." Watu wakacheka. Kisha mwingine akaangalia karatasi, akamwangalia Faila, akaangalia karatasi tena, na kicheko kikaanza kufa kutoka mbele kwenda nyuma.

"Mama Jérémie," mwanamke anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, alisema taratibu, "ule iko wewe."

Kisanduku cha tano alikuwa anazungumza na monitere. Cha sita alikuwa amenyoosha kidole, kinywa wazi nusu, na macho yake yanang'aa kwa ule utamu. Yule anayeonyeshwa kidole, Abwe, alichorwa kwa nyuma, hana uso.

"Mama, pole," alisema Bukuru. "Mi ninasoma tu."

Faila alirudi nyumbani. Isidore alikuwa uwanjani anaosha brashi, na alipomwona alijua ameiona. Hakukimbia. Faila alisema, ulinichora. Isidore akasema alimchora aliyekuwa mbele yake akisema, angefanya nini, hajui kuchora vingine.

"Mi sikupelekaka muntu kwa monitere."

"Ninajua," Isidore alisema. "Lakini ile siku ulikuwa na sura ya muntu anapeleka."

Alikwenda ndani akaleta ile karatasi ya nyimbo. Upande mtupu ulikuwa umejaa yeye: Faila anainua kichwa, Faila anabana mdomo, Faila ananyoosha kidole, mara kumi na moja, kumi na mbili. Hakuna mstari uliokosewa. Hakuna hata mmoja uliosahauliwa, hata kovu la kidevuni ambalo yeye mwenyewe halikumbuki. Faila alizishika picha zile muda mrefu. Alikuwa amelitaka jambo hili miezi minne, atazamwe namna hii, paji lake liwe juu ya Mauwa, na sasa lilikuwa mkononi mwake na hakuwa na pa kuliweka.

Kisha akauliza Abwe atapewa sura ya nani.

Isidore aliinama kwenye maji ya brashi. Faila hakuhitaji jibu. Karatasi ya nane ni ya fimbo. Baraka nzima itasimama pale kamba ya Bertin na kumlilia mwanamke kijana aliyeponzwa na wivu wa mke mwenzake, na mwanamke yule atakuwa na shingo ndefu iliyolala kushoto. Yeye Faila ndiye aliyempa Divine huruma ile. Alimpelekea kwa mikono yake, kama chungu.

Jumatatu, watoto walipotoka shule, Divine alikuja. Hakuwa amewahi kuingia kwenye uwanja ule. Alisimama karibu na mlango, daftari kifuani, akasalimia kama anavyosalimiwa mama wa rafiki. Faila alikuwa kwenye mkeka na kitambaa cheupe, kalamu ya risasi mkononi, anachora ukingo wa majani. Aliitikia bila kuinua kichwa.

Divine alisema Papa Isidore alimkataza kuja. Lakini maneno ya karatasi ya nane yamemshinda, kwa sababu hajui mwisho wake.

"Mama, ule Abwe alirudiaka?"

Faila alimaliza jani. Alimaliza la pili. Alijua angeweza kusema alifia jela, na hakuna aliye hai wa kumpinga. Aliwaza hata maneno. Lakini Abwe alimjua kwa macho yake, alikuwa kikongwe mwenye jicho moja, aliyechambua maharage na Mauwa kwenye ungo mmoja, kila mmoja upande wake, na mtoto Faila kati yao akiokota yanayoanguka. Mauwa ndiye aliyemzika.

"Alirudi," alisema. "Miezi saba. Walitwanga mu kinu moja mpaka uzee."

"Alijua ni nani alimusemaka?"

"Sikusikia akisema."

Divine aliandika. Kisha akauliza Abwe alikuwaje usoni alipokuwa kijana, na alipouliza hilo aliona haya, kwa sababu alijua ni nani atakayeambiwa ageuze shingo. Hapo Faila akainua kichwa. Alimtazama. Kisha akasogeza kitambaa cha majani pembeni, akatandika kingine kisicho na kitu, cha ukubwa wa sahani.

"Kaa pale," alisema. "Kwa kiti. Usiniangalie."

Divine alikaa. Faila akaanza na shingo.

Hakuhitaji kumtazama mara nyingi, na hilo lilimtia uchungu. Mkono ulikuwa unajua. Shingo ilishuka yenyewe, bega likafuata, sikio likakaa mahali pake, mwanya wa meno, kope, ile namna ya kusikiliza chumba cha pili. Miezi minne alikuwa ameusoma uso ule kuliko Isidore, kuliko mtu yeyote atakayewahi kumwoa Divine. Alipofika kwenye mdomo alisimama. Mstari mmoja mdogo, kwenye kona, na mdomo ungekuwa wa kiburi. Watu wangeutazama na wasijue kwa nini wameacha kumhurumia. Alisogeza kalamu mpaka pale. Ikakaa juu ya kitambaa, haijagusa.

Aliacha. Si kwa wema. Aliona tu kwamba mstari ule ungekuwa wa uongo, na soko lingesema Mama Jérémie hajui kuchora.

Aliumaliza mdomo vile ulivyo. Akaweka mfereji kwenye paji, maana Abwe naye alibeba. Kisha akageuza kitambaa Divine akione. Divine alijitazama, akagusa paji lake mwenyewe kwa kidole, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Ambia Isidore afuatishe hii vile iko," Faila alisema. "Asiongeze, asipunguze. Na chini andika jina langu. Si Mama Jérémie. Faila. Uandike wewe, sasa hivi, nikiona."

Divine alichukua kalamu akaandika, kwa mwandiko wake wa rula. Faila alizitazama zile herufi. Zilikuwa chache kuliko alivyotegemea.

"Kama umeandika kingine," alisema, "Bukuru ataniambia."

Karatasi ya nane ilipotundikwa hakuna aliyecheka. Bukuru alisoma kisanduku cha fimbo kwa sauti ya chini, na cha jela kwa sauti ya chini zaidi, na alipofika kwenye uso wa Abwe, uliochukua nafasi ya visanduku viwili, hakukuwa na maneno ya kusoma, kwa sababu Divine alikuwa ameyafuta yote. Mwanamke wa ndagala alifuta jicho kwa ncha ya kitenge.

"Muzuri vile," alisema. "Maskini."

Faila alikuwa nyuma, pale pale alipozoea kusimama. Neno lile, muzuri, lilimwingia mahali pa siku zote na kumuuma kama siku zote. Wengine walianza kugeuka kumtafuta Divine. Faila alipenya katikati yao mpaka mbele, akaweka kidole kwenye karatasi, chini kabisa.

"Na hapa?" alimwuliza Bukuru. "Wanasema nini hapa?"

Bukuru alimsomea.

"Soma tena," Faila alisema. "Na sauti kubwa."